Kabla ya rangi, gonga chesisi

Mwandishi, makala yako ya kufufua magari ya zamani nyumbani imewahi mno kufika kwenye rangi. Huku kwetu Mnyambe, Newala, gari la zamani la kufufua nyumbani ni Land Rover 109, si magari ya Marekani yenye V8. Bodi yake karibu yote ni aluminiamu, haishiki kutu, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika. Chesisi ni chuma, inaoza kwa ndani. Ingia uvunguni na nyundo ndogo, gonga taratibu kuanzia nyuma: palipo pazima panalia ngaa, palipooza sauti inakuwa butu na unga mwekundu unamwagika. Kata hapo, chomelea bati nene. Na tafuta spana za inchi. Za milimita zitakula vichwa vya nati. Jamani, msiziuze Land Rover hizi kwa kilo kama vyuma chakavu!