Misuli ikiuma tusisingizie jembe tu

Mwandishi wa makala, pale uliposema maumivu ya misuli kwa wanaotumia statini (dawa za kupunguza kolesteroli) "yatapita yenyewe" umekwenda haraka mno. Huku kwetu Ngara mtu akilalamika mapaja yanauma anaambiwa ni jembe. Shangazi yangu wa Rulenge alikuwa kwenye simvastatini, akauziwa erithromaisini ya kifua katika duka moja la dawa. Siku chache tu, hainuki kwenye kigoda bila kushikwa mkono, na mkojo mweusi kama kahawa. Bado akashauriwa anunue diklofenaki! Misuli ikivunjika protini yake huenda kuumiza figo, na diklofenaki huzidi kuzichosha. Statini nyingine, serivastatini, iliondolewa sokoni mwaka 2001 kwa balaa hilohilo. Halafu sisi wa Kagera, ambako UKIMWI ulibainika kwa mara ya kwanza nchini Tanzania mwaka 1983, tunalo letu ambalo hukuligusa: ARV zenye ritonaviri hazichanganywi kabisa na simvastatini, maana, kama ile erithromaisini, huzuia ini kuivunja na dawa inajaa mwilini. Na wewe mchangiaji wa hapo juu unayesema statini zote ni sumu, acha kutisha watu. Zinakinga kiharusi na shambulio la moyo, na uchambuzi uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2022 ulionyesha zaidi ya asilimia 90 ya maumivu ya misuli yanayoripotiwa na watumiaji hayatokani na dawa. Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo, msiache dawa kienyeji. Mtajieni mfamasia kila mnachomeza, na mkojo ukibadilika rangi nendeni hospitali siku hiyohiyo.