Sili ya Ekseli na Amana ya Abiria

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Juma hili tunazungumzia jambo ambalo akina baba wengi hulidharau, na akina mama wafagiapo uani huwa wa kwanza kuliona: doa jeusi la oili chini ya gurudumu la nyuma la gari la familia.

Huko Mbesa, wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, yuko ndugu yetu mwenye pikapu kuukuu aina ya Hilux. Msimu wa korosho hubeba magunia. Siku nyingine huwachukua wagonjwa wa vijiji vya jirani na kuwafikisha hospitali ya misheni iliyopo hapo Mbesa. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa likilowa kwa miezi. Yeye aliongeza oili kwenye difu na kujifariji kuwa linavuja kidogo tu. Jioni moja, akiwa amempakia mama mjamzito, alikanyaga breki mteremkoni. Gari likayumba upande mmoja na kusimama ukingoni mwa barabara. Alhamdulillah, hakuna aliyeumia.

Usiku ule shemeji yake akamshauri: “Lioshe vizuri, ulipeleke Tunduru mjini ukaliuze kabla halijakutia hasara.” Mkewe akasema kwa upole: “Baba Zainabu, na huyo atakayelinunua ana watoto.”

Neno hilo lilitosha. Lakini tufahamu kwanza ni nini kilichotokea. Ndani ya ekseli ya nyuma mna oili inayolainisha gia za difu. Mwishoni mwa ekseli, karibu na gurudumu, hukaa sili ya mpira inayoizuia oili isitoke. Sili ikichakaa, oili hupenya hadi ndani ya ngoma ya breki na kuvilowesha viatu vya breki. Upande uliolowa haushiki sawasawa na mwenzake, na difu nayo hupungukiwa oili hadi gia zikasagana.

Kabla ya kununua sili, tutafute sababu yake. Beringi ikilegea, shafti hucheza na kuitafuna sili mpya kama ilivyoitafuna ya zamani. Difu pia ina kipumulio kidogo juu yake. Kikizibwa na tope, hewa iliyopata joto hukosa njia na kuisukuma oili kwenye sili. Tukivuka mto ekseli ikiwa ya moto, hewa hiyo hupoa ghafla na huweza kuvuta maji ndani. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, imwagwe yote. Tena tuhakikishe kinachovuja ni oili ya difu, ambayo ni nzito na yenye harufu kali ya kiberiti. Majimaji mepesi huenda ni ya breki, na hiyo ni kazi nyingine.

Kwa gari la namna hii, fundi huweka vizuizi magurudumu ya mbele, huinua nyuma kwa jeki na kuiegemeza juu ya stendi imara. Asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Huachia breki ya mkono, hutoa gurudumu na ngoma, hufungua bomba na waya wa breki, kisha nati nne zilizo nyuma ya sahani ya breki, na kuichomoa shafti. Hung’oa sili kuukuu bila kukwaruza makazi yake. Mpya hupakwa oili mdomoni, mdomo huo ukielekea ndani kwenye oili, na hugongwa taratibu kuzunguka pande zote isije ikakaa upande. Mahali sili inapogusa shafti pakiwa na mfereji, sili mpya haitazuia kitu hadi hapo parekebishwe.

Viatu vilivyolowa oili visisuguliwe kwa msasa na kurudishwa. Vibadilishwe magurudumu yote mawili ya nyuma. Kipumulio kisafishwe, breki zitolewe upepo, na oili ijazwe gari likiwa tambarare, hadi ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Kisha gari lijaribiwe polepole bila abiria.

Ndugu zetu, tunakumbuka masimulizi yaliyopokewa na Imamu Muslim: Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini yake mna unyevu ambao mwuzaji hakuudhihirisha, akamkemea. Gari lililooshwa ili mnunuzi asiione oili lina tofauti gani na nafaka ile? Kuuza gari bovu si haramu; haramu ni kuuficha ubovu wake.

Na tusiseme kuwa ajali ni kadari, basi tuendeshe tu. Tawakkul huja baada ya mja kutimiza wajibu wake. Anayepanda gari letu ametukabidhi roho yake, na hiyo ni amana tutakayoulizwa.

Gari la Mbesa limerudi barabarani, na chini ya gurudumu pakavu. Sisi sote, baada ya Swala ya Ijumaa, tuinamie magari yetu tuyatazame.

Wabillahi tawfiq.