Masomo ya sayansi ya chakula: mzazi wa Wamaza atarudisha feza yake?

Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, swali ni lile lile katika nyumba nyingi za Wamaza: mtoto amepata diploma, sasa aende kusoma nini, na feza itatoka wapi? Wengi wanataja udaktari, sheria ao ualimu. Wachache wanataja sayansi ya chakula, ni kusema masomo ya kuchunga, kugeuza na kupima vyakula. Wakitaja, hakukosi mtu wa kuuliza: mtoto anaenda univerisite kujifunza kupika?

Swali hilo si la kucheka. Kusini mwa Maniema, familia nyingi ziko na nafasi moja tu. Feza ya kupeleka mtoto chuoni inatoka kwa mbuzi waliouzwa, mpunga wa msimu mzima, ao dhahabu kidogo ya Salamabila. Wakikosea chaguo, mtoto wa pili na wa tatu hawaendi tena. Kwa hiyo inafaa kupima mambo mbele ya kulipa.

Yanasomewa wapi

Hapa kwetu, masomo haya mara nyingi yanafichwa ndani ya kitivo cha kilimo. Mwanafunzi anaandikishwa agronomia, kisha anachagua njia ya viwanda vya kilimo. Chuo Kikuu cha Kinshasa kiko na idara ya kemia na viwanda vya kilimo. Upande wa Kisangani kuna IFA ya Yangambi, chuo cha kilimo kinachojulikana tangu zamani. Bukavu kuna vitivo vya kilimo katika Chuo Kikuu cha Katoliki na katika Chuo Kikuu cha Kiinjili, UEA. Tena si mbali na mji, kule Kalambo, kituo cha utafiti cha IITA kimekuwa kikifanya kazi juu ya muhogo na namna ya kuugeuza.

Bukavu ndiyo ilikuwa njia ya wengi kutoka upande huu. Lakini mji uliingia mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025, benki zikafunga milango, na kutuma feza kwa mtoto kukawa jambo la kubahatisha. Wazazi wengine sasa wanaangalia Kindu ao Kasongo. Ni karibu zaidi na gharama ni ndogo, lakini mzazi aulize kitu kimoja: je, kuna labo inayofanya kazi? Mtu anayesoma kupima unyevu wa unga, bila kugusa hata siku moja kipimo cha unyevu, atatoka na karatasi tu.

Nje ya inchi, Makerere ya Uganda, JKUAT ya Kenya na Sokoine ya Morogoro, Tanzania, wanafundisha sayansi ya chakula kama shahada yake yenyewe. Huko labo ziko, lakini masomo ni kwa Kiingereza, na mwanafunzi mgeni anaweza kulipa zaidi ya mwenyeji.

Gharama si minerval peke yake

Kosa la kwanza ni kuhesabu feza ya chuo tu, ile tunaita minerval. Ongeza nyumba ya kupanga, chakula, safari ya kwenda na kurudi, makaratasi, stage na kazi ya kumaliza masomo. Ongeza pia mikono inayokosekana shambani. Kijana wa miaka 20 akiondoka, nyumba inapoteza mlimaji.

Muda nao umebadilika. Zamani ilikuwa miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, inchi yote iliingia mfumo wa LMD: licence miaka mitatu, master miaka miwili. Wazazi wengi wanasikia neno "licence" wanafikiri ni ile ya zamani. Sivyo. Licence ya leo inasimama fasi ya kati, na mtu anayetaka kufika kiwango cha kaka yake aliyesoma zamani bado anahitaji miaka mitano. Mzazi ajue tangu mwanzo kama mfuko wake unaenda mpaka wa tatu ao mpaka wa tano, maana kukatika katika mwaka wa pili ni hasara kuliko kutoanza.

Jambo lingine: vyuo vingi vinapanga bei kwa dolari, mkulima anauza kwa franka. Franka ikishuka, magunia ya kulipa mwaka ule ule yanaongezeka. Afadhali familia ifanye hesabu kwa magunia ya mpunga, si kwa karatasi.

Mshahara utatoka wapi

Hapa ndipo ukweli unauma. Sayansi ya chakula inazaa kazi fasi kuna viwanda, na mashariki viwanda vimekuwa vikifunga kuliko kufunguliwa. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, kilisimama wakati wa vita vya miaka ya 1990. Pombe ya Bralima ilikuwa mwajiri mkubwa Bukavu. Katikati ya 2025 Heineken, wakati ule mwenye Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa majengo yake kule. Hata mgodi wa Namoya, uliokuwa ukinunua chakula kwa wafanyakazi wake, ulisimamishwa na Banro mwaka 2019 kwa ajili ya usalama mbaya.

Inabaki serikali na mashirika. OCC, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1974, ndiyo inapima bidhaa zinazoingia na kutoka, chakula kikiwamo. Lakini nafasi zake ni chache kuliko watu wanaozitafuta. PRONANUT na zone za afya wanahitaji watu wa lishe, lakini mara nyingi wanachukua waliosoma ISTM. Mashirika ya msaada yanaajiri kwa miezi, kisha mradi unaisha. Na hata mtu akiingia kazi ya serikali, anaweza kufanya kazi miaka bila mshahara akingoja kumekanizwa. Mzazi anayelipa akitumaini ofisi na meza, tumaini lake ni dogo.

Lakini kazi iko mingi

Kukosa ajira si kukosa kazi. Tuangalie sokoni Wamaza. Mpunga unalimwa hapa tangu wakati wa Waungwana, karne ya 19. Kilo 100 za mpunga kwenye mashini nzuri zinatoa mchele karibu kilo 65. Mashini za zamani zinazotumika vijijini zinaweza kushuka mpaka 53 ao 55, na punje nyingi zinavunjika. Mpunga uliowekwa na unyevu zaidi ya asilimia 14 unaanza kuoza ndani ya gunia. Barabara ya Kasongo ikikatika kwa mvua, gunia linangoja, na hasara ni ya mkulima.

Karanga na mahindi vilivyokauka vibaya vinaota ukungu unaotoa sumu, aflatoksini. Haionekani kwa macho. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaligonjesha watu 317, na 125 wakafariki.

Muhogo mchungu nao hauchezewi. Mama akikimbilia soko na kuloweka siku moja fasi ya tatu, sumu inabaki ndani ya unga, na mwenye kula bugali hiyo kila siku bila samaki wala maharagi anaweza kupata konzo, ugonjwa wa kulemaa miguu. Katika Popokabaka, magharibi mwa inchi, PRONANUT na watafiti wa Australia walifundisha akina mama kulowesha unga, kuutandaza kivulini saa tano ao juani saa mbili, kisha kupika. Katika kijiji cha kwanza kilichofundishwa, wakati wa mradi huo hakukutokea mgonjwa mpya wa konzo. Dawa haikununuliwa, mashini haikuletwa. Huo ndio ujuzi unaodharauliwa kwa jina la kupika.

Kwa hiyo, alipe ao asilipe?

Kuna njia tatu. Kwa familia inayoweza kufika miaka mitano, na mtoto anayependa kemia kweli, agronomia yenye labo ina maana. Hata akikosa kiwanda, anaweza kugeukia kilimo ao utafiti. Kwa familia inayoweza mitatu tu, ISTM upande wa lishe inaweza kumkaribisha mtoto na kazi za zone ya afya. Kwa asiyeweza hivyo, mafunzo mafupi ya kazi, kama yale INPP inatoa tangu 1964, pamoja na kikundi cha akina mama wenye mashini ya kusaga, yanaweza kulipa mapema kuliko shahada.

Katika njia zote, mzazi aweke akiba ya kuanzia. Kijana anayerudi Wamaza na diploma lakini bila turubai ya kuanikia, bila kipimo cha unyevu na bila depo kavu, atabebwa na njia ya Salamabila kwenda kuchimba kama wenzake ambao hawakusoma. Pengine mbuzi wawili wa mwisho wasiuzwe kwa minerval. Wabaki kwa siku atakaporudi.

Na binti wasisahauliwe. Katika nyumba nyingi akifaulu yeye na kaka yake, kaka ndiye anaenda. Lakini anayejua muhogo, mawese na karanga tangu utoto, mara nyingi ni yeye.