Mtoto Mwenye Ulemavu Anapoogopa Shule

Kila Januari shule zinapofunguliwa, sisi wauguzi wa kliniki ya watoto tunaletewa watoto wanaoumwa tumbo. Wengine hutapika asubuhi, wengine wameanza tena kukojoa kitandani. Tunawapima malaria na minyoo, maana ugonjwa wa kweli haungoji shule zifungwe. Mara nyingine hatuoni kitu, na tukiuliza vizuri tunaambiwa: ameandikishwa darasa la kwanza. Miongoni mwao wapo wenye mtindio wa ubongo, kifafa, usonji, au masikio yasiyosikia vizuri.

Tumbo hilo linauma kweli. Mtoto asiyeweza kusema "naogopa" husema kwa mwili wake. Kumwita mwongo ni kumwonea.

Wazazi wengine huamua kwamba asubiri kwanza akomae. Hapo hatukubaliani nao. Mtoto akikaa ndani hadi miaka kumi au kumi na miwili hofu haiishi, huongezeka, na siku atakayopelekwa atakuwa mkubwa kuliko darasa zima. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu kama watoto wengine. Tena tusikimbilie bweni la mbali kwa sababu tu shule ya jirani imesita. Kwa mtoto wa miaka saba mwenye hofu, kuanza shule na kutengana na mama siku hiyohiyo ni mizigo miwili.

Anza maandalizi wiki mbili au tatu kabla. Mpitishe njia ileile atakayopita. Mwonyeshe darasa likiwa tupu, mahali pa kukaa, bomba la maji na hasa choo, kwani watoto wengi huogopa choo kuliko mwalimu. Avae sare nyumbani mpaka aizoee. Mwenye usonji huweza kukataa shule kwa sababu ya kola inayomkwaruza tu. Mweleze atarudi saa ngapi kwa kipimo anachokielewa: "Mkishakunywa uji, nitakuja." Kisha uje kweli. Wanaotoroka mlangoni mtoto akiwa amegeuka humfundisha kwamba akimwacha mama machoni atampoteza. Mwage kwa maneno machache, uende, hata kama analia. Mwalimu akikubali, wiki ya kwanza akae saa mbili tu.

Na jamani, acheni kumtisha mtoto kwa mwalimu, kama mnavyomtisha kwa sindano zetu!

Viboko navyo tuviseme wazi. Kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na havizidi vinne. Kwa maoni yetu hata hivyo vinne ni vingi mno kwa mtoto aliyechelewa kujibu kwa kuwa hasikii, au aliyetazama dirishani kwa sekunde chache kwa kuwa alishikwa na kifafa kidogo kisichomwangusha. Mzazi asiyemweleza mwalimu mapema anamwacha mtoto aadhibiwe kwa ugonjwa wake. Kuona aibu kunaeleweka, lakini anayelipa ni mtoto.

Kwa hiyo mwandikie mwalimu barua fupi: mtoto anaombaje kwenda choo, nini humtisha, nini humtuliza, anatumia dawa gani. Kama ana kifafa, dawa isikatwe eti kwa sababu inamsinziza darasani. Mleteni tuangalie kipimo. Mwalimu ajue kwamba akianguka hawekewi kijiko wala kitu chochote mdomoni. Alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, saa itazamwe; degedege likipita dakika tano apelekwe hospitali.

Anayeona kuandika ni shida aje na mtoto siku yake ya kliniki, tutaiandika pamoja.