«Makumi mbili» si makosa

Ingieni asubuhi katika darasa la kwanza la shule yoyote ya miji yetu. Mtasikia watoto wakihesabu kwa sauti moja, toka moja hadi mia, kwa Kifaransa, bila kuruka hata neno. Mwalimu afurahi. Wazazi wakipita njiani wasema: «Hawa wanajua hesabu.»

Sisi twasema: Hawajaijua bado. Wanajua wimbo.

Mwenye kubisha na afanye jaribu hili. Mpe mtoto maharagwe kumi na sita, ayahesabu mwenyewe. Kisha andika 16 juu ya karatasi. Mwonyeshe ile 6, umwulize: «Hii ni maharagwe gani?» Atatenga sita. Sasa mwonyeshe ile 1, umwulize vilevile. Watoto wengi watachukua haragwe moja tu. Na yale tisa yaliyobaki je? Watayatazama na kunyamaza. Bibi Constance Kamii, aliyesoma kwa Jean Piaget kule Geneva, alieleza jaribu hili katika maandiko yake ya miaka ya 1980. Watoto aliowajaribu walikuwa wa Marekani, wenye vitabu na madarasa mazuri, nao walikosa vivyo hivyo. Basi tusiseme kwamba watoto wetu ni wajinga. Kosa ni la mafundisho.

Namba tunazoandika zina siri moja: tarakimu hupata thamani yake kwa mahali pake. 3 ikikaa mwisho, upande wa kuume, ni tatu. Ikisogea mara moja kushoto ni makumi tatu. Ikisogea tena ni mia tatu. Ni kama viti vya baraza: mtu ni yule yule, lakini kiti ndicho kinachompa ukubwa. Na pahali pasipo na kitu huwekwa sifuri ili ilinde kiti. Neno hili latoka Kiarabu, maana yake ni tupu. Na zéro ya Wafaransa imetoka katika neno lilo hilo.

Siri hii haikupatikana kwa siku moja. Watu wa India ndio walioianza, Waarabu wakaichukua, na mwaka 1202 Leonardo wa Pisa akaieleza katika kitabu chake kule Italia. Hata hivyo Wazungu walikawia miaka mamia kabla ya kuacha kabisa namba zao za zamani. Wafanya biashara na wenye elimu walihitaji muda huo wote, na sisi twataka mtoto wa miaka sita aipate kwa juma moja!

Lakini neno linalotuchoma zaidi ni hili. Mtoto wa kwetu aja shuleni na mali mdomoni mwake. Nyumbani na sokoni amesikia watu wakisema: «makumi mbili na tatu». Sikilizeni vizuri: makumi mbili, na tatu. Hiyo ni 23 yenyewe, imekwisha kupangwa, yangoja chaki tu. Naye mwalimu akisikia hivyo hufanya nini? Hucheka, na pengine hupiga. «Hicho ni Kiswahili cha soko! Sema ishirini na tatu.» Au zaidi: «Sema vingt-trois.»

Hatukatai ishirini. Ni neno safi, na kila msomaji alijue. Lakini ndani yake mtoto hasikii kumi, wala hasikii mbili. Ndivyo ilivyo kwa thelathini, arobaini na wenzao hadi tisini. Kifaransa ni kigumu zaidi: onze, douze na treize zaficha kumi. Sisi Wakongo, kama Wabelgiji, tumepona kidogo, maana twasema septante na nonante. Lakini quatre-vingts imebaki, nayo yamwambia mtoto «ishirini nne». Je, mwashangaa akiambiwa quatre-vingt-cinq akaandika 425? Ameandika alichosikia. Wachina wao husema kumi-moja kwa 11 na mbili-kumi-tatu kwa 23, na hakuna anayewacheka. Sisi tumepewa njia nyoofu kama ile, na twaiziba kwa fimbo.

Wengine watatujibu: «Mwataka kuwarudisha watoto nyuma. Kifaransa ndicho lugha ya kazi.» Twajibu: Mtoto aliyekwisha kufahamu makumi mbili atajifunza vingt kwa siku moja, maana ni kubadili jina tu. Asiyefahamu hata akijua majina yote hana kitu. Tena sheria ya nchi ya tarehe 11 Februari 2014 yakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike katika kufundisha. Sheria imefungua mlango. Kwa nini tunasimama nje?

Wengine watasema: «Hatuna vyombo, na tangu masomo ya msingi yalipofanywa ya bure mwaka 2019 madarasa yamejaa mno.» Ni kweli, madarasa yamejaa, na walimu wengi wachoka. Lakini vijiti vya porini vyauzwa bei gani? Na kamba ya mgomba je? Kila mtoto aokote vijiti vyake. Ahesabu kumi, afunge fungu. Ahesabu kumi tena, afunge. Kisha aseme: «Nina mafungu mawili na vijiti vitatu.» Hapo ndipo mwalimu aandike 23 ubaoni, mafungu kushoto, vijiti kuume. Mafungu yakifika kumi, yafungwe pamoja: ndiyo mia. Mama auzaye sombe afanya kazi hiyo kila asubuhi, wala hakuna aiitaye mchezo.

Ila mwalimu asimfungie mtoto. Hapa wengi hukosea: huleta mafungu yaliyokwisha kufungwa, na mtoto huyahesabu kama vijiti vinene. Kumi ni kitu kimoja, na papo hapo ni vitu kumi. Jambo hili halimwingii mtoto mpaka mikono yake imefunga na kufungua mara nyingi. Na haraka haraka haina baraka. Afadhali miezi mitatu juu ya mafungu kuliko miaka sita ya kurekebisha makosa.

Maana makosa hayo hayafi. Tumeona mtoto akijumlisha 27 na 15, akaandika 312: mbili na moja ni tatu, saba na tano ni kumi na mbili, akaziweka bega kwa bega. Mwenzake aliambiwa aandike mia tatu na tano, akaandika 3005. Wa tatu alipata jibu jema, akasema: «Naandika 2, nashika 1.» Tulipomwuliza ile moja aliyoishika ni moja ya nini, hakujua.

Huyo ndiye atakayekuwa mtu mzima kesho. Ataandikiwa deni la franka 30500 naye alifikiri ni 3500, na ataweka kidole chake chini ya karatasi. Au atakuwa mwuguzi, akose sifuri moja, na mgonjwa apewe dawa mara kumi. Hapo hatutacheka tena Kiswahili cha soko.

Basi, walimu wenzetu, samaki mkunje angali mbichi. Nanyi wazazi, msiulize tena: «Mtoto wangu anahesabu mpaka ngapi?» Mpeni maharagwe kumi na sita, mwonyeshe ile 1. Na kesho mtoto akisimama darasani na kusema «makumi mbili na tatu», msimwambie akae chini. Mwambieni aje ubaoni aandike.