NYUMBA NA WATU WAKE: Mficha Uchi Hazai

Juma lililopita tulizungumza hapa juu ya ghala la mahindi na wadudu waliharibuo. Nilikusudia kuendelea na habari hizo, lakini nimepokea barua ya mkulima mmoja wa upande wa Nyatike, kijana aliyeoa mwaka jana. Aniuliza hivi: "Bwana, yapata majuma matatu sasa mke wangu hataki kupika omena, asema harufu yake yamtia kichefuchefu. Alfajiri hutapika, na mchana ataka kulala. Mama asema nisiulize neno. Je, ni malaria, au ni uvivu? Ninunue dawa gani?"

Niliposoma mara ya kwanza nilicheka. Niliposoma mara ya pili sikucheka, maana mwaka 2014 mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa namna hiyo. Mke wangu aliumwa kichwa, akachoka, akakataa chakula. Mama yangu alijua sababu, lakini alinyamaza, kwa kuwa desturi ya nyumba nyingi katika Migori na Homa Bay ni kwamba mimba changa haitajwi, isije ikaonwa na jicho baya. Mke wangu naye aliona haya kuniambia. Basi nikaenda dukani, nikanunua vidonge vya malaria. Mimi niliye karani, nisiyekubali kulipa hata shilingi 10 ya serikali pasipo stakabadhi, nilimpa mke wangu dawa pasipo kipimo. Usiku wa nne alitokwa na damu. Tulipata gari alfajiri. Yeye alipona, mimba ikaharibika.

Daktari hakuweza kutaja sababu, wala mimi sisemi kwamba ni vidonge vile. Lakini nyumbani mwetu tulikuwa watu wazima watatu: wawili walijua wakanyamaza, na wa tatu hakuuliza. Neno hilo limenikaa moyoni, ndiyo sababu naandika leo.

Basi, ndugu yangu wa Nyatike, jibu langu ni hili. Huenda si uvivu wala si malaria, bali ni mimba. Tena huenda ni mimba na malaria pamoja, ndiyo maana haifai kubahatisha. Kipimo cha mkojo hupatikana katika maduka ya dawa na katika zahanati, na majibu yake hutoka kwa dakika chache.

Mwanamke aliye katika miezi mitatu ya kwanza hukosa hedhi, matiti humuuma, huenda haja ndogo mara nyingi, na usingizi humshika hata akiwa shambani. Kichefuchefu huanza yapata juma la 6, na kwa wengi hupungua baada ya juma la 12 au la 16. Harufu alizozipenda jana huweza kumchukiza leo. Hayo si madeko. Afadhali ale kidogo kidogo mara nyingi, na apate kipande cha kiazi kitamu au mkate mkavu kabla ya kuondoka kitandani. Tangawizi nayo huwasaidia wengi. Ikiwa omena yamchukiza, wewe Bwana waweza kuipika mwenyewe nje. Sufuria haiulizi aliyeishika ni mume au mke.

Ninyi mnaopenda hesabu, andikeni tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ongezeni siku 7, kisha rudini nyuma miezi 3. Aliyeona hedhi tarehe 10 Machi atarajie kujifungua karibu na tarehe 17 Desemba, yaani baada ya majuma 40. Siku yenyewe huweza kutangulia au kuchelewa, lakini ni vema kuijua mapema, ili fedha ya safari iwekwe kabla ya siku zenyewe kufika.

Sasa wengine watasema: kwa nini twende kliniki mapema, hali tumbo bado halijaonekana? Kwa sababu kazi kubwa hufanyika kabla ya tumbo kuonekana. Uti wa mgongo wa mtoto hufungika katika mwezi wa kwanza tangu mimba kutunga, na kufikia juma la 12 viungo vyake karibu vyote vimekwisha kuumbwa, ingawa urefu wake haupiti kidole cha mtu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mjamzito aonane na watu wa afya mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 kwisha. Anayengoja mpaka mwezi wa sita amekwisha kupoteza faida nyingi.

Siku ya kwanza atapimwa damu, mkojo na shinikizo la damu. Ataangaliwa kama ana upungufu wa damu, kaswende au virusi vya Ukimwi. Msiogope kipimo hiki cha mwisho, na mume aende apimwe pamoja naye. Pasipo matibabu, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 waliozaliwa na kunyonyeshwa na mama mwenye virusi hivyo huambukizwa; mama akitumia dawa sawasawa, hesabu hiyo hushuka chini ya 5. Pia atapewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, na chandarua chenye dawa.

Juu ya malaria, sisi tukaao karibu na Ziwa Victoria twapaswa kuangalia zaidi ya watu wa nyanda za juu. Vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma, na mama huweza kutembea bila homa hali mtoto anakosa chakula tumboni, akazaliwa na uzito mdogo. Kwa hiyo, kuanzia juma la 13, mjamzito wa kwetu hupewa kliniki vidonge 3 vya kinga vya SP, avimeze pale pale, na tena kila baada ya mwezi mmoja au zaidi mpaka ajifungue. Kabla ya juma la 13 havitolewi. Anayetumia kotrimoksazoli kwa ajili ya virusi vya Ukimwi hapewi SP, maana dawa hizo mbili hazipatani. Akiugua malaria katika miezi ya kwanza, ipo dawa: tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeshauri artemether-lumefantrine hata kwa mimba changa. Lakini apimwe kwanza, na atibiwe na mtu anayejua kwamba ni mjamzito. Hapo ndipo siri hugeuka kuwa hatari.

Katika chakula, Mungu hakutunyima. Tunayo omena, mayai, kunde, mnavu na mgagani. Tangu mwaka 2022 baadhi ya wakulima wa Migori walioacha tumbaku wamepanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Mbegu hiyo ni njema kwa mfuko na kwa damu ya mama. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Vijiwe vya udongo viuzwavyo sokoni, ambavyo Wajaluo huviita odowa, navyo huzuia madini hayo, tena huweza kuwa na uchafu. Pombe aiache kabisa.

Katika kazi pia kuna mambo mawili. Mwanamke mjamzito asichume majani mabichi ya tumbaku, hasa yenye umande, kwa sababu sumu yake hupenya ngozi. Wala asishike zebaki katika machimbo ya dhahabu ya Macalder na kwingineko, wala asikae karibu na moto unaoichoma. Mvuke wake huingia katika pumzi ya mama, na sumu yake huweza kufika katika ubongo wa mtoto.

Akitokwa na damu, akiumwa sana tumbo hasa upande mmoja, akizimia, akipata homa, au akitapika hata maji yasikae, usingoje kupambazuke kama nilivyongoja mimi. Wewe ukaaye Mfangano, Remba au kisiwa kingine, patana na mwenye mashua tangu leo. Tena jiandikisheni katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoshika mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kabla haja haijawafikia.

Mwisho, mimba ikiharibika hata baada ya hayo yote, mume asimlaumu mke, wala watu wasitafute aliyewaroga au kusema ni chira. Katika mimba 10 zilizojulikana, moja au zaidi huharibika, na mara nyingi sababu ni kasoro iliyokuwamo tangu mbegu zilipokutana. Mke wangu alilaumiwa na jamaa mwaka ule, nami nilinyamaza. Kosa hilo ni langu, na ni kubwa kuliko lile la vidonge.

Mwaka 2016 aliniambia habari yake mapema, katika juma la 7, nasi tukaenda kliniki pamoja. Mama yangu ndiye aliyetubebea maji ya njiani. Mtoto yule sasa anasoma, naye huniuliza maana ya maneno ya gazeti.

Wazee wa Kiswahili walisema, mficha uchi hazai. Ndugu yangu wa Nyatike, weka barua hii mezani, ukamwulize mkeo kwa upole. Kisha mwende.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye ghala.