Sikio la Pwani na Mizani ya Wataalamu

Zamani mtu akisema kwamba anasomea muziki, watu walidhani ataka kuwa mwimbaji au mpiga fidla. Leo sivyo. Katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani muziki unachunguzwa na madaktari wa ubongo, na mafundi wa mitambo, na wasomi wa biashara ambao pengine hawajapata hata kulishika dufu. Hapana ubaya katika hilo; elimu haina mlango mmoja. Lakini matokeo yao husemwa kana kwamba yanamhusu binadamu yeyote popote alipo, na sisi watu wa Pwani tuna haki ya kuuliza: sikio lililopimwa ni la nani?

Tuanze dukani, maana huko ndiko elimu hii ilikofika upesi. Mwaka 1982 mtaalamu wa Marekani, Ronald Milliman, alitangaza uchunguzi alioufanya katika duka kubwa la vyakula. Siku nyingine dukani ulipigwa muziki wa mapigo ya polepole, siku nyingine wa mapigo ya haraka. Siku za polepole wanunuzi walitembea taratibu baina ya rafu, na mauzo yakazidi yale ya siku za haraka kwa asilimia 38. Hakuna mnunuzi aliyeshurutishwa. Miguu yao tu ilifuata ngoma bila wenyewe kujua, na mikono ikafuata miguu.

Katika jarida hilo hilo, mwaka huo huo, Gerald Gorn wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alieleza mtihani wake wa kalamu, ambao hadi leo hutajwa katika mafunzo ya matangazo ya biashara. Aliwaonyesha wanafunzi picha ya kalamu, wengine ya buluu isiyokoza, wengine ya rangi ya mchanga. Wakati wakiitazama walisikilizishwa muziki: ama wa filamu ya Grease, ambao ilijulikana kwamba vijana wale waupenda, ama muziki wa kale wa Kihindi, ambao ilijulikana kwamba hawaupendi. Kisha kila mmoja aliambiwa achukue kalamu moja iwe yake. Miongoni mwa waliosikia muziki walioupenda, asilimia 79 walichukua kalamu ya rangi ile waliyoonyeshwa. Miongoni mwa waliosikia ule wa Kihindi, asilimia 30 tu.

Hapo ndipo namwomba msomaji asimame kidogo. Muziki wa Kihindi ndio uliochaguliwa kuwa mfano wa muziki usiopendeza! Lau mtihani ule ungalifanywa Mvita miaka hiyo hiyo, mji mzima ukiwa unamsikiliza Mohamed Khamis Juma Bhalo na kinanda chake na tabla zake, je, hesabu ingalikuwa ile ile? Najua kwamba muziki wa kale wa Kihindi si sawa na nyimbo za filamu ambazo Bhalo alizichukulia mahadhi akayavisha maneno ya Kiswahili. Hata hivyo sauti ile si ngeni kwetu. Imepigwa katika harusi zetu, imetoka madirishani mwetu, na mtu wa Mji wa Kale aliyekulia humo haisikii kama mwanafunzi wa Montreal aisikiavyo. Yamkini kalamu zingalichukuliwa kinyume kabisa.

Na si lazima kwenda mbali hivyo kuona udhaifu wa mtihani wenyewe. Mwaka 1989 wasomi wawili, Kellaris na Cox, waliurudia kwa uangalifu wasiyaone matokeo yale. Watu wa matangazo, hata hivyo, hawakungoja. Ramadhani ikiingia sikiliza matangazo ya redio: vitu vile vile vya mwezi uliopita vinauzwa sasa kwa sauti ya udi na mahadhi yanayokaribia kasida. Mfanyabiashara anajua sikio letu limelelewa wapi, tena amejua bila kutuuliza.

Uchunguzi mmoja wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1997 ulihusu mvinyo, kwa hiyo nitaupitia kwa mbali. Dukani ulipopigwa muziki wa Kifaransa, chupa za Ufaransa zilinunuliwa kwa wingi mara tano kuliko za Ujerumani. Ulipopigwa wa Kijerumani, za Ujerumani zikatangulia. Lenye kutisha si hilo bali kwamba wanunuzi walipoulizwa, wachache sana ndio waliokiri kuwa muziki uliwagusa.

Kwamba sikio hulelewa si dhana yangu tu. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake walikwenda kwa Watsimane, watu wa msitu wa Bolivia ambao hawakuzoea muziki wa Kizungu. Waliwapigia sauti mbili kwa pamoja, zile ambazo vitabu vya Ulaya huziita zenye kupatana na zile ziitwazo zenye kugongana. Watsimane waliona zote ni sawa kwa utamu. Kabla ya hapo wengi walishikilia kwamba kupenda sauti za kupatana ni jambo la maumbile. Kwa upande mwingine, yafaa tuseme pia kwamba si kila kitu hutofautiana. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2019, ulioongozwa na Samuel Mehr, ulionyesha kwamba wimbo wa kumbembeleza mtoto wa nchi moja aghalabu hutambulikana na mgeni wa nchi nyingine asiyejua neno lake hata moja. Kuna ya binadamu wote na kuna ya mji. Kazi ngumu ni kuyatenga.

Katika afya kutenga huko kuna uzito zaidi, maana anayeguswa ni mgonjwa. Wazo la kutibu kwa sauti si geni katika ulimwengu wa Kiislamu. Katika hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili pale Edirne, iliyomalizika mwaka 1488, waimbaji na wapigaji kumi walikuwa wakiwapigia wagonjwa mara tatu kwa juma; ndivyo alivyoandika msafiri Evliya Çelebi katika karne ya 17. Siku hizi Michael Thaut, aliyefanya kazi yake katika Chuo Kikuu cha jimbo la Colorado, ameonyesha kwamba mtu aliyepatwa na kiharusi, au mwenye ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, hutembea vizuri zaidi akipigiwa mapigo ya kipimo sawasawa. Hatua hurefuka, mwendo hukaa. Kadhalika tangu mwaka 1973 madaktari wa Boston wamekuwa wakiwafundisha waliopotewa na maneno kwa kiharusi kuyarudia kwa njia ya kuimba, kwani mgonjwa asiyeweza kusema pengine huweza kuimba.

Hayo ni ya kuaminika. Mengine yalipigiwa chapuo. Mwaka 1993 ilitangazwa kwamba wanafunzi 36 waliosikiliza Mozart dakika kumi walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa kupima maumbo kwa akili, kwa muda wa robo saa hivi. Robo saa! Lakini habari ilienea kwamba Mozart huwapa watoto akili, na mwaka 1998 gavana wa Georgia, Zell Miller, akaomba fedha za serikali ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki huo. Wachunguzi wengine waliporudia mtihani, ule ubora haukuonekana. Mzazi wa Likoni au Malindi aliyeuziwa diski ya Mozart kwa ajili ya mwanawe alitozwa fedha kwa ajili ya robo saa ya wanafunzi wa California.

Liko na jambo linalohitaji adabu. Katika Iran hasa, zimefanywa tafiti nyingi juu ya wagonjwa wanaosikilizishwa Qur'ani kabla ya kupasuliwa, na nyingi zimeripoti kwamba wasiwasi wao hupungua. Baadhi ya wachunguzi huliweka jambo hilo katika fungu moja na muziki, hata wakalinganisha kisomo na nyimbo kama mtu alinganishaye chai na kahawa. Hukumu ya ala na nyimbo ina masheikh wake, nami siigusi. Lakini mtoto wa chuoni yeyote angaliwaambia kwamba kisomo hakihesabiwi muziki, hata msomaji akikisoma kwa Bayati au Rasti. Tena si suala la heshima tu; ni kosa la upimaji. Mgonjwa ajua anachokisikia, na huwezi kumfichia. Kilichomtuliza ni sauti, au ni imani yake katika maneno? Asiyeliuliza hilo hajapima kitu.

Tukija kwenye mitambo, tatizo hubadilika sura. Chombo kiitwacho Auto-Tune kilitolewa mwaka 1997 na Andy Hildebrand, mhandisi ambaye kabla ya hapo alishughulika na hesabu za mawimbi ya ardhini yanayotumika kutafuta mafuta. Chombo hiki huisikiliza sauti ya mwimbaji na kuivuta hadi noti iliyo karibu nayo, na noti zenyewe kwa kawaida ni zile 12 za piano. Sasa mpige udi hana vizuizi shingoni mwa ala yake. Zein l'Abdin wa Lamu, aliyetutoka mwaka 2016, alikuwa akikiweka kidole mahali ambapo piano haina kibao, kwa sababu maqamu kama Rasti yanataka sauti iliyo kati na kati. Mtambo usiojua hayo huiona sauti ile kuwa kosa na kuinyoosha. Waweza kupangwa vingine, lakini mpaka anayeushika ajue kuna kitu cha kupangwa. Waimbaji wa raï wa Algeria wameushika na kuupenda, wakaufanya utetemeke watakavyo wao. Waarabu walikwisha kubishana juu ya jambo hili Kairo mwaka 1932, katika mkutano mkubwa wa muziki uliohudhuriwa hata na Bartók, wakijadili kama piano ina nafasi katika muziki wao. Walibishana wasikubaliane, ila walikaa kitako wenyewe wakabishana.

Kwetu wanaokaa kitako ni wachache. Kelly Askew wa Marekani aliandika mwaka 2002 juu ya taarabu ya Tanga, akaonyesha jambo ambalo chumba cha kupimia hakiwezi kulipata: kwamba mwenye kuinuka kutunza ni mchezaji kama mwimbaji. Mwanamke huondoka kitini kwenye ubeti fulani, noti mkononi, na ukumbi mzima hujua fumbo limemwendea nani. Ukimpa msikilizaji huyo vipokea sauti masikioni na kumfungia peke yake, umempima mtu mwingine. Mwenda Ntarangwi, Mkenya, ameandika kitabu juu ya nyimbo za Mombasa, na mwaka 2024 Andrew Eisenberg, anayefundisha Abu Dhabi, ametoa kitabu kizima juu ya taarabu ya Pwani ya Kenya, pamoja na hizo nyimbo za mahadhi ya Kihindi. Vyote vitatu ni vya Kiingereza.

Mtihani wa Gorn hauhitaji mashine. Wataka kalamu za rangi mbili, chumba, na wanafunzi wapatao mia mbili, na wanafunzi wako Kilifi katika Chuo Kikuu cha Pwani, wako na Mombasa. Tabla na kinanda havijapotea. Walio adimu ni wale waliokaa mbele katika harusi alizoimba Bhalo, wanaoweza kueleza ubeti upi ulitunzwa na kwa nini. Bhalo mwenyewe alifariki mwaka 2014, na waliokuwa vijana katika harusi zile sasa ni wazee.